Maungamo ya imani ya Kiprotestanti: Kutoka Augsburg mwaka 1530 hadi vilima vya Jinja na Mbale

Katika kilima cha Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, waumini wa Kanisa la Uganda husimama kila Jumapili na kutamka kwa pamoja Kanuni ya Imani. Maneno hayo ni ya kale kuliko Uprotestanti wenyewe, na wengi wanayajua kwa ghibu tangu utotoni. Lakini kanisa hilo linashikilia pia andiko jingine la imani ambalo ni wachache miongoni mwa waliosimama pale waliowahi kulisoma: Vifungu 39 vya Dini, vilivyopata sura yake ya mwisho nchini Uingereza mwaka 1571.

Kwa muda mrefu vifungu hivyo vilikaa kimya katika kurasa za mwisho za kitabu cha sala. Mnamo Juni 2008 vilirudi katika habari, pale viongozi wa Kianglikana waliokutana Jerusalem, akiwemo Askofu Mkuu wa Uganda wa wakati huo, Henry Orombi, walipotoa tamko lenye hoja 14 na kuvitaja vifungu hivyo kuwa mafundisho ya kweli yenye mamlaka hata leo. Mwezi Aprili 2023, mkutano wa nne wa jumuiya hiyo hiyo uliofanyika Kigali ulikwenda mbali zaidi: ulisema hauwezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiungo cha umoja wa Waanglikana.

Je, andiko la imani ni kitu gani hata liweze kuvunja undugu wa zaidi ya karne moja? Na lilifikaje Busoga na chini ya Mlima Elgon?

Neno moja, mizigo miwili

Mtafsiri wa habari anapokutana na jambo hili hujikwaa kwanza katika neno. Kiswahili kina "ungamo", lakini msikilizaji wa kawaida akisikia mtu ameungama, atauliza mara moja: ameungama dhambi gani? Kina "kukiri", ambalo linanukia mahakama na kituo cha polisi. Kina "Kanuni ya Imani", ambayo imekwisha kuchukuliwa na yale matamko mafupi ya Mitume na ya Nikea. Waganda nao wana neno "okwatula", linalobeba mizigo yote miwili, kutubu na kutangaza. Hapa tutatumia "ungamo la imani", na msomaji atuvumilie: maana inayokusudiwa ni hati ambayo kanisa au kundi la makanisa linaeleza ndani yake, kwa hoja zilizopangwa, linaamini nini na linakataa nini.

Ungamo halichukui nafasi ya Biblia. Waprotestanti wenyewe walisisitiza kwamba hati hizo zipo chini ya Maandiko na zinaweza kusahihishwa nayo. Lakini mara tu walipokataa mamlaka ya Papa, swali lilizuka: watu wawili wakisoma aya moja na kuielewa kwa namna mbili, nani ataamua? Ungamo lilikuwa jibu lao.

Hati zilizoandikiwa watawala

Ungamo mashuhuri kuliko yote lilisomwa kwa Kijerumani mbele ya Kaisari Charles wa Tano, mjini Augsburg, tarehe 25 Juni 1530. Aliyeliandika ni Philipp Melanchthon. Martin Luther hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amepigwa marufuku na dola na alibaki katika ngome ya Coburg. Kati ya vifungu vyake 28, 21 vinaeleza imani na saba vinaorodhesha mambo yaliyotakiwa kurekebishwa. Jambo linalopaswa kukumbukwa ni hili: waliotia sahihi hawakuwa wanatheolojia. Walikuwa wakuu wa majimbo pamoja na miji miwili, Nuremberg na Reutlingen. Ungamo lilizaliwa likiwa hati ya imani na hati ya siasa kwa wakati mmoja, na mwaka 1555 amani ya Augsburg iliweka kanuni kwamba dini ya mtawala ndiyo itakayokuwa dini ya nchi yake, iwe ni ya Kikatoliki au ya ungamo hilo.

Waliokosa mtawala wa kuwalinda waliandika pia, na walilipa. Michael Sattler, anayehesabiwa kuwa mwandishi wa maungamo ya Schleitheim ya Waanabaptisti ya Februari 1527, aliuawa miezi mitatu baadaye. Guido de Brès, aliyeandika ungamo la makanisa ya Uholanzi na Ubelgiji ya leo mwaka 1561, alinyongwa mwaka 1567. Heidelberg ilitoa katekisimu yake yenye maswali 129 mwaka 1563. Waskoti walikuwa na ungamo lao tangu 1560. Na bunge la Uingereza, likiwa vitani na mfalme wake, liliitisha mkutano wa Westminster mwaka 1643, ambako lilitoka ungamo linaloongoza Wapresbiteri hadi sasa.

Vifungu 39 vina historia yake ya hila. Thomas Cranmer aliandaa vifungu 42 mwaka 1553. Chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza vilipunguzwa, na mwaka 1563 malkia aliondoa kimoja kinachohusu wasio na imani wanaposhiriki Meza ya Bwana, kwa kuwa hakutaka kuwaudhi baadhi ya raia wake. Kikarejeshwa mwaka 1571. Lugha yake imepimwa kwa uangalifu ili kanisa moja liweze kubeba watu wenye mielekeo tofauti, na ndiyo maana wanazuoni wangali wakibishana hadi leo kuhusu maana ya baadhi ya sentensi.

Wasomaji

Wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society walifika Buganda mwaka 1877. Mashariki, jina la kwanza linalokumbukwa ni la msiba: Askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia ya Busoga, aliuawa huko mwishoni mwa Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambaye aliogopa wageni wanaoingia ufalme wake kutoka upande huo. Miaka 12 baadaye, katika maasi ya askari wa Kisudani kwenye ngome ya Luba, huko huko Busoga, alikufa George Pilkington, mtu ambaye pamoja na Henry Wright Duta na wenzake walikamilisha Biblia ya Kiganda mwaka 1896.

Waumini wa kwanza hawakupewa Vifungu 39. Walipewa vitabu vya kujifunzia kusoma, Injili na katekisimu. Wakristo waliitwa "abasomi", wasomaji, na kwa upande wa Waprotestanti mtu aliyetaka ubatizo alitarajiwa kwa kawaida aweze kusoma Injili. Kwa vitendo, basi, ungamo la kwanza la Kiprotestanti katika Uganda lilikuwa uwezo wa kusoma. Kanuni hiyo ilijenga shule nyingi. Ilifunga pia milango mingi, kama tutakavyoona.

Mgawanyiko wa Ulaya ulifika ukiwa umevaa nguo za mataifa. Waprotestanti waliitwa "Waingereza" na Wakatoliki "Wafaransa", na Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana kwa bunduki huko Mengo. Inafaa kukumbuka kwamba miaka sita tu kabla yake, Juni 1886, vijana wa pande zote mbili walichomwa moto pamoja Namugongo. Wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill, wenye makao yao Uingereza, waliletwa mwaka 1895 kwa sehemu ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa mfuasi wa Ufaransa, na eneo lao lilikuwa upande wa mashariki.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa katika ungamo lolote, nalo ni lugha. Kifungu cha 24 cha vile 39 kinasema kwamba kuendesha sala ya hadhara kwa lugha isiyoeleweka na watu ni kinyume na Neno la Mungu. Cranmer alikuwa akifikiria Kilatini. Lakini walimu wengi waliopeleka Injili Busoga na Bugisu walikuwa Waganda, na vitabu vyao vilikuwa vya Kiganda. Kwa Mgisu aliyeketi kanisani mwaka 1910, Kiganda kilikuwa Kilatini kipya. Baadhi ya wamisionari walilitambua hilo mapema, J. B. Purvis alichapisha sarufi ya Kimasaba mwaka 1907. Mvutano kuhusu Kiganda katika makanisa ya mashariki ulidumu kwa miongo mingi, na haikuwa bahati mbaya kwamba mwaka 1926 sehemu kubwa ya eneo hilo ilitengwa na dayosisi ya Uganda na kuwa dayosisi ya Upper Nile.

Kakungulu: mtu aliyebadilisha ungamo mara mbili

Hakuna maisha yanayoonyesha uzito wa maneno haya mashariki mwa Uganda kama ya Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari wa Kiganda na Mprotestanti, msomaji wa Biblia tangu ujana. Askari wake walishiriki kumkamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega mwaka 1899. Kisha aliingia Bukedi, akajenga maboma na barabara, na kuanzisha makao ambayo yalikua na kuwa mji wa Mbale. Alitarajia Waingereza wangemtambua kama mfalme wa eneo hilo. Badala yake walimnyang'anya madaraka hatua kwa hatua, kisha kuanzia mwaka 1906 wakamweka Jinja kama rais wa Lukiiko ya Busoga. Mwaka 1913 alirudi Mbale, akiwa mtu aliyevunjika moyo.

Wakati huo huo Buganda ilikuwa inachemka. Mwalimu mmoja aitwaye Malaki Musajjakawa, ambaye kanisa lilikuwa limekataa kumbatiza mara kadhaa, aliungana na Joshua Kate, mwenye cheo cha Mugema, mkuu wa ukoo wa Nkima. Mwaka 1914 walianzisha kundi lililojiita la Mungu Mmoja Mwenyezi. Watu waliliita Abamalaki. Ungamo lao lilikuwa fupi kuliko lolote lililowahi kuandikwa Ulaya: Mungu ni mmoja, Sabato ishikwe, na dawa zote, za kienyeji na za hospitali, zikataliwe kwa kuwa uponyaji ni wa Mungu pekee. Aliyekubali alibatizwa siku ile ile. Hakuulizwa kama anajua kusoma. Makumi ya maelfu ya watu walijiunga ndani ya miaka michache, wengi wao wakiwa wale waliosubiri nje ya mlango wa Waanglikana.

Wamisionari waliona uzushi. Lakini hoja ya Mugema ilikuwa ya Kiprotestanti kabisa: tumepewa Biblia, tumeambiwa ndiyo mamlaka ya mwisho, tumeisoma, na hiki ndicho tulichokiona. Kifungu cha sita cha vile 39 kinasema kwamba kisichosomwa katika Maandiko wala kuthibitishwa nayo hakiwezi kulazimishwa kwa mtu yeyote kama sharti la wokovu. Mtu angeweza kuwarushia wamisionari jiwe hilo hilo walilolileta.

Kakungulu alijiunga nao. Kisha akaendelea kusoma. Mwaka 1919 alifikia uamuzi kwamba agizo la tohara alilopewa Ibrahimu halikuwahi kufutwa, akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake wa Abamalaki walimwambia kwamba hilo ni jambo la Wayahudi. Kama ni hivyo, alijibu, basi yeye ni Myahudi. Alihamia Gangama, karibu na Mbale, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiganda chenye mafundisho na kanuni kwa jumuiya yake. Kwa vipimo vyote hilo ni ungamo la imani, limeandikwa na mlei, chini ya Mlima Elgon, bila askofu wala mfalme kuliidhinisha. Alifariki mwaka 1928. Mugema na Malaki, waliopinga chanjo ya serikali, walipelekwa uhamishoni kaskazini mwa nchi na wakafia huko. Abamalaki walififia. Abayudaya, warithi wa Kakungulu, bado wapo, na sinagogi lao katika kilima cha Nabugoye linajulikana duniani kote.

Kikuyu 1913: jaribio la ungamo moja

Mwezi Juni 1913, wawakilishi wa misheni za Kiprotestanti walikutana Thogoto, katika nchi ya Wakikuyu, Kenya ya leo. Mwenyekiti alikuwa J. J. Willis, Askofu wa Uganda, ambaye dayosisi yake wakati huo ilijumuisha Busoga, Bukedi na hata Kavirondo. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri wa Skoti, Wamethodisti, Africa Inland Mission na wengineo. Tatizo lao lilikuwa la kawaida kabisa: Mkristo aliyebatizwa na misheni moja akihamia eneo la nyingine kutafuta kazi, je, ni Mkristo au si Mkristo? Kuwafundisha Waafrika ugomvi wa Westminster na Canterbury kulionekana kuwa upotevu wa muda.

Walipendekeza shirikisho. Msingi wake haukuwa ungamo la upande wowote bali Biblia pamoja na Kanuni za Imani za Mitume na Nikea. Mwishoni, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia alighadhibika. Kwake, kanisa lisilo na maaskofu lilikuwa na upungufu ambao hauwezi kufunikwa kwa ukarimu, na aliwashtaki Willis na Peel kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa makosa ya uzushi na farakano. Magazeti ya London yalijaa barua. Mwaka 1914 vita vilianza, na Weston mwenyewe baadaye akawaongoza wapagazi wa Zanzibar katika kampeni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1915 Askofu Mkuu Randall Davidson alitoa maoni ya kupoza pande zote: ushirikiano uendelee, ila ibada kama ile isirudiwe. Shirikisho kamili halikutokea. Kilichopatikana, mwaka 1918, ni muungano mwepesi zaidi wa misheni, na kutokana nao shule ya Alliance mwaka 1926.

Ni rahisi kumcheka Weston leo. Hata hivyo swali lake, kama kanuni mbili za kale zinatosha au kanisa linahitaji kusema zaidi ili libaki kanisa, ndilo lile lile lililorudi Kigali mwaka 2023, ingawa safari hii wanaotaka kusema zaidi ni warithi wa Willis.

Ungamo linaporudi kuwa la dhambi

Kuanzia miaka ya 1930, uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulienea Uganda nzima. Wafuasi wake, Balokole, hawakuandika ungamo la imani. Walichodai ni kuungama kwa maana ile nyingine: kusimama mbele ya wenzako na kutaja wizi, uzinzi, chuki. Kwao, kasisi aliyeijua Kanuni ya Imani kwa ghibu lakini hajaokoka alikuwa bado nje. Mwaka 1941 zaidi ya wanafunzi 20 wenye msimamo huo, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono.

Mmoja wa waliookoka katika uamsho, Janani Luwum, aliingia chuo cha Buwalasi, karibu na Mbale, mwaka 1949, akarudi tena 1953 kujiandaa kwa daraja la ukasisi. Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku madhehebu mengi, ikiyaacha ya Kiislamu, Kikatoliki, Kianglikana na Kiorthodoksi. Wapentekoste na Wabaptisti walisali kwa siri majumbani. Karne nne baada ya Augsburg, mtawala alikuwa tena ndiye anayeamua ni ungamo lipi lina haki ya kuwepo.

Leo

Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Waanglikana kuwa asilimia 32 ya wananchi wa Uganda na Wapentekoste pamoja na waliozaliwa mara ya pili kuwa asilimia 11. Makanisa haya mapya nayo yana maungamo, ingawa hayayaiti hivyo: ni hoja chache za imani katika katiba ya kanisa au ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wanachama. Mjini Mbale kuna pia shule ya theolojia yenye jina la John Knox, ambako Ungamo la Westminster ni sehemu ya masomo.

Kwa Waanglikana, kilichosababisha Kigali ni uamuzi wa sinodi ya Kanisa la Uingereza, Februari 2023, wa kukubali sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Wajumbe zaidi ya 1,300 kutoka nchi 52 walihudhuria, na Kanisa la Uganda, chini ya Askofu Mkuu Stephen Kaziimba Mugalu, lilikuwa miongoni mwa sauti kubwa. Wakosoaji wanasema Vifungu 39 havigusi suala hilo moja kwa moja na kwamba vinatumiwa kama bendera. Watetezi wanajibu kwamba kifungu cha 20 kinakataza kanisa kuamuru lolote lililo kinyume na Maandiko, na hilo linatosha.

Kanisa la Uganda halikuhudhuria mkutano wa Lambeth mwaka 2008 wala ule wa 2022. Nani atakuwa na haki ya kufasiri vifungu vilivyoandikwa kwa ajili ya malkia mmoja wa Uingereza, Canterbury au maaskofu wenye waumini wengi zaidi kusini mwa dunia, ni jambo ambalo bado halijaamuliwa na mkutano wowote.